Baridi ya kusingiziwa: mapenzi na visasili katika uchoraji wa uklasiki mamboleo

Mwaka 2025 uliwaletea wapenzi wa uchoraji matukio mawili yaliyopishana kwa miezi sita tu. Mwezi Aprili jumba la makumbusho la Frick, New York, lilifungua tena milango baada ya ukarabati wa miaka kadhaa, na watu wakarudi kwenye chumba cha Jean-Honoré Fragonard, mchoraji Mfaransa wa karne ya 18, chenye mfululizo wa michoro uitwao Hatua za Mapenzi. Oktoba, jumba la Louvre likafungua maonyesho makubwa ya Jacques-Louis David, mchoraji Mfaransa mwenzake, kuadhimisha miaka 200 tangu kifo chake. Kila majina haya mawili yanapotajwa pamoja, hadithi moja ya zamani huamka usingizini: kwamba Fragonard ndiye aliyechora mapenzi, kisha wakaja David na wenzake na panga zao, viapo vyao na maiti zao, na mapenzi yakatolewa kwa mlango wa nyuma. Joto likabaki kwa mmoja, baridi ikabaki kwa wengine. Hadithi hii ni nyepesi kusimulia, na pengine ndiyo sababu imedumu. Lakini imekosea mahali penyewe hasa panapohusika. Wachoraji wa uklasiki mamboleo, yaani mtindo wa karne ya 18 uliorudi kuiga sanaa ya Wagiriki na Warumi wa kale, hawakuyafukuza mapenzi. Waliyaondoa kwenye tendo wakayaweka kwenye fumbo, na kazi iliyokuwa ikifanywa na brashi ikahamia kwenye jicho la mtazamaji. Wahenga walishasema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Mengi yanayoitwa baridi katika michoro hii ni mafumbo ambayo hayajafumbuliwa.

Tuanze na asili ya mambo. Mwaka 1738 uchimbaji ulianza Herculaneum, na mwaka 1748 ukaanza Pompeii, miji iliyofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79. Kilichotoka ardhini hakikuwa mahekalu tu. Zilikuwa nyumba za watu, zenye kuta zilizopakwa rangi, na kwenye kuta hizo miungu walikuwa wakipendana, wakidanganyana na kulia. Mfalme wa Naples alichapisha vitabu vikubwa vya michoro hiyo, vilivyochongwa kwenye bamba za shaba, na ndivyo wachoraji wa Ulaya waliokuwa mbali na Italia walivyoiona. Wakati huohuo, mwaka 1755, mwanahistoria wa sanaa wa Kijerumani, Johann Joachim Winckelmann, aliandika kwamba ukuu wa sanaa ya Wagiriki ulikuwa katika usahili wenye heshima na utulivu. Watu wengi wameishia kwenye neno hilo "utulivu" wakalielewa kama kukosa hisia. Winckelmann mwenyewe alilifananisha na bahari, ambayo hutulia chini hata uso wake ukichafuka. Bahari ya namna hiyo haijakauka.

Kisa kinachotumiwa kuthibitisha baridi hiyo ni cha Louveciennes, kijiji kilicho magharibi ya jiji la Paris. Madame du Barry, mpenzi wa mfalme Louis XV, alijengewa huko nyumba ya mapumziko na msanifu Claude-Nicolas Ledoux, iliyokamilika mwaka 1771. Fragonard akapewa kazi ya kuchora paneli nne za sebule moja: kijana anamfuata msichana, wanakutana kwa siri, msichana anamvika kijana taji la maua, kisha wanasoma barua zao za zamani. Michoro ikachorwa, nayo ikakataliwa. Nafasi yake ikachukuliwa na michoro minne ya Joseph-Marie Vien, ya mwaka 1773 na 1774. Katika ya Vien, wasichana wa Kigiriki wanaapa mbele ya sanamu ya Urafiki kwamba hawatapenda kamwe. Wanamkuta Kupido, mungu wa mapenzi, amelala bustanini na kumpamba kwa maua. Mpenzi anamvika mpenzi wake taji. Na mwisho wapenzi wanafunga ndoa mbele ya madhabahu. Fragonard alizihifadhi turubai zake karibu miaka ishirini, akazipeleka kwao Grasse mwaka 1790 akiwa mzee, akazipanga nyumbani kwa binamu yake na kuongeza paneli nyingine. Zilinunuliwa na Frick mwaka 1915. Wengi huhitimisha kuwa bibi huyo hakuwa na jicho, alikataa dhahabu akachukua chuma.

Kwa ubora wa mkono, sibishani: Fragonard anamshinda Vien pale, tena kwa mbali. Lakini kusema kwamba mmoja alichora mapenzi na mwingine hakuchora ni jambo jingine kabisa. Angalia walipo miungu katika kila upande. Kwa Fragonard, Venus, mungu wa kike wa mapenzi, na Kupido wamo, lakini ni sanamu za mawe ndani ya bustani. Binadamu ndio wanaokimbia, wanaopanda ukuta kwa ngazi, wanaokumbatiana, na sanamu zinawatazama kwa juu kama majirani wambea. Kwa Vien mambo yamepinduliwa. Kupido ana nyama na damu, amelala kwenye majani akipumua, na wasichana waliomzunguka ndio wamesimama wima kama nguzo, mikunjo ya nguo zao ikishuka moja kwa moja kama mifereji ya nguzo za Kigiriki. Fragonard anakuonyesha watu waliokwisha kupenda. Vien anakuonyesha watu walioapa kutopenda, wakiwa na mungu mwenyewe hatua moja kutoka miguuni mwao, na yuko usingizini. Mtazamaji anajua wasichojua wao: mungu huyu ataamka. Hapo ndipo joto lilipo, katika sekunde ambayo haijafika. Ni namna ngumu zaidi ya kuchora, na Vien hakuifikia kikamilifu, lakini mlango aliufungua yeye.

Alikuwa ameshaufungua miaka kumi kabla. Mwaka 1759 wachimbaji wa Stabiae, jirani na Pompeii, walipata mchoro mdogo wa ukutani unaoonyesha mwanamke anayeuza miungu ya mapenzi. Mchoro huo ulichapishwa mwaka 1762, na mwaka 1763 Vien alipeleka turubai yake ya jambo hilohilo kwenye Salon, maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris. Leo iko katika kasri ya Fontainebleau. Muuzaji amepiga magoti mbele ya bibi tajiri, mkononi amemwinua Kupido kwa mbawa, hasa kama mtu anavyomwinua kuku sokoni ili mnunuzi aone unene wake. Wengine wamebaki kwenye chombo: kwenye ukuta wa kale ni tundu, kwa Vien ni kikapu. Bibi ameketi, mjakazi amesimama nyuma yake, nguo ndefu, ukuta mtupu, fanicha chache, hakuna anayemgusa mwenzake. Ukiitazama kwa haraka utasema ni picha ya adabu tupu. Sasa tazama mikono ya huyo mungu anayening'inia. Mkono wa kulia ameubana kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto, na huo wa kushoto umeinuka juu. Ni ishara ambayo mpaka leo mitaani Ufaransa na Italia ni tusi kamili. Mwanafalsafa Diderot, aliyeandika uhakiki wa maonyesho yale, aliiona papo hapo, akaeleza bila kumumunya maneno kwamba bibi anaahidiwa kipimo cha starehe. Ishara hiyo haimo kwenye ukuta wa Stabiae. Vien aliiongeza mwenyewe, akaificha katikati kabisa ya picha, mahali ambapo jicho hupita likielekea kwenye uso wa bibi.

Ipo hoja ya upande wa pili ambayo ina uzito, na haifai kupuuzwa. Nayo ni kwamba mtindo huu ulisukumwa na dola. Alipoingia madarakani Louis XVI mwaka 1774, comte d'Angiviller alikabidhiwa usimamizi wa majengo na sanaa ya mfalme, naye akaanza kuagiza michoro mikubwa ya historia yenye mafunzo: ujasiri, utii, kujitoa kwa ajili ya nchi. Kiapo cha akina Horatii cha David, cha ndugu wa Kirumi wanaoapa kuipigania nchi, kilichoonyeshwa mwaka 1785, kilitoka kwenye agizo la namna hiyo. Tayari miaka ya 1760 Diderot alikuwa amemshambulia mchoraji François Boucher kwa uchafu wa maadili ya Venus wake wenye mashavu ya waridi. Kwa hiyo ni kweli kwamba shinikizo la kutoa adabu lilikuwepo, lilikuwa na fedha nyuma yake, na liliondoa namna fulani ya kuchora mapenzi kwenye kuta za serikali. Ila ukiondoa njia ya wazi, watu hutafuta njia ya panya. Yeyote anayejua jinsi mapenzi yanavyosemwa kwenye kanga au katika taarabu anaelewa kwamba marufuku huyapa mapenzi lugha mpya yenye makali zaidi. Shinikizo la d'Angiviller linaeleza kwa nini fumbo lilihitajika. Halithibitishi kwamba ndani ya fumbo hamna kitu.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayokuja kutoka upande wa pili kabisa, na hupendwa na wanaotaka kuonekana wajanja: kwamba visasili vilikuwa kisingizio tu cha kuchora watu uchi. Kama ingekuwa hivyo, mtindo usingehitaji kubadilika hata kidogo, maana kisingizio kilikuwepo tayari na kilifanya kazi vizuri. Boucher alijaza turubai zake Venus uchi kwa ajili ya wateja wakubwa miaka thelathini kabla ya David kushika brashi, na hakuna aliyemzuia kuuza. Halafu angalia michoro yenyewe. Wanawake wa Vien wamevaa nguo ndefu. Wa Angelica Kauffman, mchoraji wa kike, nao vilevile. Na mahali ambapo mwili uko wazi kweli, kama katika Usingizi wa Endymion aliouchora Anne-Louis Girodet huko Roma mwaka 1791, kilichoondolewa ni kile ambacho mtafuta kisingizio angekitaka kwanza, yaani mungu wa kike mwenyewe. Kisasili kinasema Diana, mungu wa mwezi, alimpenda mchungaji Endymion aliyelala usingizi usioisha, akawa anamshukia usiku. Girodet hakumchora Diana. Alichora mbalamwezi. Zephyr, mungu wa upepo, anasogeza matawi pembeni akitabasamu, na mwanga unapita pale penye uwazi, unashuka kwenye uso na kifua cha aliyelala. Anayebusu ni nuru. Mtazamaji asiyejua kisa anaona kijana amelala. Anayekijua anashuhudia tendo lote bila kuonyeshwa hata kidole.

Kuna na mtego mmoja wa kuchekesha unaoonyesha jinsi hamu ilivyokuwa hai hata kwa mtaalamu wa utulivu mwenyewe. Kati ya mwaka 1758 na 1760 ulijitokeza Roma mchoro wa ukutani, Jupiter, mfalme wa miungu, akimbusu kijana Ganymede, ukidaiwa kuwa wa kale. Winckelmann aliusifu katika historia yake kubwa ya sanaa ya mwaka 1764 kama moja ya kazi nzuri kabisa zilizobaki kutoka zamani. Ulikuwa wa kughushi. Unahesabiwa kuwa wa rafiki yake, mchoraji Anton Raphael Mengs, ambaye inasimuliwa alikiri akiwa kitandani pa kufia mwaka 1779. Mchoro uko Palazzo Barberini, Roma, hadi leo. Mwongo mzuri humpa mtu anachokitamani, na Mengs alijua kwamba mwanazuoni huyu wa bahari tulivu alitamani busu.

Sasa tuje kwenye ufundi, kwa sababu hapo ndipo baridi hii ya kusingiziwa inapotengenezwa. Fragonard aliacha brashi ionekane. Picha yake moja ya Abbé de Saint-Non ya mwaka 1769 ina maandishi nyuma yanayosema ilichorwa kwa saa moja, na ukiitazama karibu unaamini: rangi nzito, mkono mwepesi, kila mstari una mwendo wa kiwiko. Mkono wa mchoraji unabeba hisia, hata kabla hujajua nani kachorwa. Mtu wa uklasiki mamboleo alifanya kinyume. Alianza na mwanamitindo aliye uchi, akachora mwili kwa penseli au chaki. Kisha nguo zikawekwa kwenye sanamu ya mbao yenye viungo, kwa kuwa binadamu akipumua mikunjo hubadilika na kazi ya mikunjo huchukua siku nyingi. Mchoro mdogo uligawanywa miraba, turubai nayo ikagawanywa miraba mikubwa kwa idadi ileile, na umbo likahamishwa mraba kwa mraba. Turubai ya David ya Kiapo cha Tennis Court, kiapo cha wabunge wa mwanzo wa mapinduzi ya Ufaransa, ambayo hakuimaliza, inaonyesha utaratibu huu kama mtu aliyekamatwa akivaa: miili ya wanasiasa iko uchi, imepimwa vizuri, na vichwa vichache tu vimekwisha kupakwa rangi. Baada ya hapo hupakwa safu ya kwanza nyembamba ya rangi za udongo, ikaachwa ikauke. Kwa ngozi huja nyeupe ya risasi, udongo wa manjano, zingefuri (nyekundu kali) na nyekundu nyingine kidogo, na mipaka kati ya mwanga na kivuli hulainishwa kwa brashi kavu ya manyoya mpaka alama zote zinapotea. Mwisho ni safu angavu za rangi iliyochanganywa na mafuta mengi, na vanishi baada ya miezi.

Kanuni moja haina msamaha: safu ya juu iwe na mafuta kuliko ya chini. Ukigeuza, juu hukauka na kukaza wakati chini bado kunatembea, na picha hupasuka kama tope la kiangazi. Kosa la pili ni la mkono. Ukilainisha kupita kiasi, ngozi huwa nta, na ukikaa muda mrefu na sanamu za plasta kuliko na watu, damu hutoweka kwenye mashavu. Vien aliangukia humo mara kwa mara. Wasichana wake wa Louveciennes wana shingo ambazo ungeweza kuzigonga zikalia. Kwa hiyo anayelalamikia baridi ana ushahidi mkononi, ila ni ushahidi wa makosa ya ufundi ya mtu fulani, na anaugeuza kuwa sheria ya mtindo mzima. Pale ufundi ulipofaulu, kufutwa kwa alama za brashi kulifanya jambo la ajabu: kulimwondoa mchoraji kati ya mtazamaji na ngozi. Hakuna anayekuambia uhisi nini.

Kilichobaki kubeba hisia ni mstari, ukingo wa umbo. Na hapa wachoraji wa enzi ile walikuwa na kisa chao cha asili, kutoka kwa Plinius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza: binti wa Butades, mfinyanzi wa Korintho, alimpenda kijana aliyekuwa anasafiri, akachora ukutani ukingo wa kivuli cha uso wake kwa mwanga wa taa. Baba akajaza udongo ndani ya mstari huo, akauchoma pamoja na vyungu. Uchoraji, kwa kisa hiki, ulianza kwa mwanamke anayependa na anayeachwa. David Allan alikichora mwaka 1775, Jean-Baptiste Regnault mwaka 1785, Joseph-Benoît Suvée mwaka 1791. Toleo bora ni la Mwingereza Joseph Wright wa Derby, alilochora miaka ya 1782 hadi 1784 kwa ajili ya Josiah Wedgwood, ambaye naye alikuwa mfinyanzi, tena tajiri. Wright alikuwa bingwa wa mwanga wa usiku na alijua kinachowezekana. Yeyote aliyekulia na koroboi anaweza kumkagua. Mwali wenye upana wa sentimita 2, ukiwa mita 1.5 kutoka usoni, na uso ukiwa sentimita 15 kutoka ukutani, hutoa kivuli chenye ukungu wa milimita 2 tu pembeni, na uso unakuzwa kwa sehemu moja ya kumi. Sogeza uso hadi sentimita 60 kutoka ukutani: ukungu unafika milimita 8, uso unakuzwa kwa asilimia 40, na hujui tena pua inaishia wapi. Taa ikiwekwa juu sana, kivuli kinateleza chini na kidevu kinarefuka. Na mchoraji asipokaa pembeni, kivuli chake mwenyewe kinafuta cha mwenzake. Ndiyo maana Wright alimlaza kijana usingizi, kichwa karibu na ukuta, na msichana akainama kutoka upande wa pili akinyoosha mkono juu yake. Mkao unaoonekana wa mahaba umelazimishwa na fizikia. Ili apate mstari safi lazima amkaribie, na lazima asimguse, kwa kuwa akiamka tu, picha imeharibika.

Kumkaribia bila kumgusa: hiyo ndiyo sarufi ya mapenzi ya mtindo huu wote. François Gérard aliifikisha mbali katika picha yake ya mwaka 1798 ya Psyche, msichana aliyependwa na Kupido. Kupido anambusu msichana kwenye paji la uso, mikono yake inamzunguka bila kumkandamiza, naye Psyche hamwoni. Anatazama mbele, macho wazi, akihisi kitu asichokijua jina. Juu ya kichwa chake anaruka kipepeo, kwa sababu kwa Kigiriki neno moja, psyche, ni roho na ni kipepeo pia. Asiyejua hilo anaona mdudu.

Kuna upande ambao hadithi ya joto na baridi huusahau kabisa, nao ni wa wanawake waliochora. Angelica Kauffman alikuwa mmoja wa wanawake wawili tu kati ya waasisi wa Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London, mwaka 1768. Mchoraji Johan Zoffany alipowachora wanachama wakiwa kwenye darasa la mwanamitindo wa kiume, Kauffman na Mary Moser hawakuruhusiwa kuwemo chumbani, hivyo akawaweka kama picha mbili zilizotundikwa ukutani. Kizuizi hicho kilikuwa na gharama ya kweli. Wakosoaji walimcheka kwamba wanaume wake hawana misuli. Lakini alichofanya na kilichobaki ni kuhamisha kitovu cha visasili. Penelope mbele ya kitanda chake cha kufumia, mwaka 1764, upinde wa mume ambaye bado hajarudi ukiwa karibu naye. Ariadne, mwaka 1774, aliyeachwa kisiwani na Theseus baada ya kumwokoa, meli ikiwa imekwisha kuwa ndogo kwenye upeo wa bahari. Kwa karne nyingi mapenzi ya visasili yalichorwa kutoka upande wa anayefukuza. Kauffman aliyachora kutoka upande wa anayebaki, na kwa huyo hakuna tendo la kuonyesha, kuna muda tu unaopita.

Turudi kwa David, kwa kuwa ndiye anayeshtakiwa. Katika Salon ya mwaka 1789, wiki chache baada ya gereza la Bastille kuanguka, alionyesha Brutus, kiongozi wa Roma ya kale, ambaye wanawe wanaletwa nyumbani wakiwa maiti kwa amri yake mwenyewe. Kila mtu anaikumbuka hiyo. Katika maonyesho yaleyale alionyesha Mapenzi ya Paris na Helena, iliyochorwa 1788 kwa agizo la comte d'Artois, mdogo wa mfalme, aliyekuwa amekwisha kukimbia nchi. Paris hapa ni mwana wa mfalme wa Troy, msije mkachanganya na jiji. Ameketi uchi na kofia yake nyekundu ya Kifrigia, kinubi mkononi, amegeuka kumtazama Helena na kumshika mkono. Helena amemwegemea, ameinamisha macho, mashavu yamepata rangi. Kitanda kiko nyuma. Sanamu ndogo ya Venus iko juu ya nguzo, na wanawake wa mawe waliobeba dari nyuma yao ni nakala ya sanamu za mchongaji Jean Goujon, za karne ya 16, zilizomo ndani ya Louvre yenyewe. Wapo wanaoiita picha hii utelezi wa David, kazi ya kumridhisha tajiri. Mimi naiona kama nusu ya pili ya Brutus. Helena anayeinamisha macho ni mke wa mtu, na miaka kumi ya vita inamngoja nje ya chumba. Hakuna jeshi kwenye picha, hakuna merikebu. Upo mkono mmoja juu ya mkono mwingine, na anayesoma ataona Troy inaungua. Hata kofia ile ilikuja kubeba mzigo ambao David hakuupanga: mwaka 1788 ilimaanisha tu mtu wa Asia, na baada ya miaka michache ilikuwa kichwani mwa wanamapinduzi.

Ikiwa haya ni kweli, lawama nyingi za leo zinaelekezwa pasipo. Maelezo yanayobandikwa kando ya michoro humwambia mgeni jina la mungu na tarehe, na kunyamaza kuhusu kile kilichoachwa nje kwa makusudi, ilhali kwenye mtindo huu swali la kwanza la kumuuliza mwanafunzi ni nani hayupo. Kuna pia sababu ya kawaida kabisa. Michoro minne ya Vien haiko pamoja tena. Miwili iko Louvre na miwili katika mji wa Chambéry, Ufaransa, na ya Fragonard iko ng'ambo ya Atlantiki, kwa hiyo ulinganisho hufanyika kwenye kurasa na, siku hizi, kwenye simu. Simu humpendelea Fragonard. Brashi inayoonekana hubaki ikionekana hata ikipunguzwa, rangi inayoruka huendelea kuruka. Safu nyembamba za Girodet, ambazo uhai wake wote uko katika mwanga unaoingia ndani ya rangi na kurudi, hugeuka plastiki nyuma ya kioo. Endymion ana upana wa sentimita 261. Kwenye simu iliyoshikwa wima anabaki na sentimita 7 hivi, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 37. Nafasi ya sentimita 1 kati ya jani na mwanga, ambayo ndiyo njia aliyopitia mungu wa kike, inakuwa robo ya milimita.